Lokalizesheni: neno gumu la jambo tunalolijua



Juma hili tunawaletea neno moja tu. Ni neno la Kiingereza ambalo hulisikii sokoni Mulongwe, wala ufukweni Kalundu, wala kwenye kikao cha AVEC. Lakini linasemwa kila siku katika ofisi za mashirika, na kwa neno hilo watu huamua fedha ziende wapi, robine ijengwe wapi, na nani aitwe mkutanoni. Neno lenyewe ni lokalizesheni.

Waingereza wanaliandika "localisation", kwa herufi zilezile za neno la Kifaransa ambalo sisi tunalijua kwa habari za simu: mtu kutafutwa mpaka ijulikane yuko wapi. Ndiyo maana linachanganya. Katika mkutano mmoja hapa mjini, mgeni wa shirika fulani alitangaza kwa furaha kwamba tangu sasa watafanya lokalizesheni Uvira nzima. Mama mmoja wa chama chetu akamwuliza jirani yake kwa sauti ya chini, "Ni kusema watatufuata kwa simu?" Kisha akanyanyua mkono na kuuliza mbele ya wote, "Papa, samahani. Neno hilo kwetu ni nini?"

Swali lake lilikuwa zuri, na tangu siku ile tumeendelea kuulizia na kusoma. Haya ndiyo tuliyoyapata. Tunawaomba myasome kwa sauti katika vikundi vyenu, maana neno hili linagusa maji tunayowapa watoto.

Maana yake

Katika kazi za msaada, lokalizesheni ni kanuni ya kuanzia na mahali penyewe. Kabla mpango haujaandikwa, hali ya mahali na maarifa ya wakaaji vitangulie. Kazi ifanywe na watu wa hapo kadiri wanavyoweza. Fedha ziwafikie. Uamuzi uwe mkononi mwao. Anayetoka mbali asaidie pale nguvu za wenyeji zinapoishia, asikalie kiti chao.

Wazee walishasema hivyo kwa maneno machache: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mgeni anaweza kuwa na elimu kubwa ya vitanda, na dawa nzuri ya kunguni pia. Lakini upande wanakotokea usiku, mwenye kulala ndiye anayeujua.

Ili kila mama alishike neno hili, tumeligawa katika vipande vitatu: swali, fedha, uamuzi. Nani ameulizwa? Nani anashika fedha? Nani anaamua? Shirika likituuliza kwa siku nzima, lakini fedha na uamuzi vikabaki kwao, basi tumeulizwa tu. Bado lokalizesheni haijafika.

Lilitoka wapi

Mwezi wa Mei 2016, serikali, Umoja wa Mataifa na mashirika makubwa ya msaada walikutana Istanbul, nchini Uturuki. Hapo wafadhili wakubwa na mashirika yao walifanya mapatano. Moja ya ahadi zao ilikuwa kwamba ifikapo 2020, asilimia 25 ya fedha za misaada ya dharura ziwafikie watu na mashirika ya nchi zenye shida, kwa njia iliyo fupi iwezekanavyo. Yaani katika kila dola 4, dola 1 iwafikie wenyeji.

Mwaka 2020 ulifika na ahadi haikutimizwa. Fedha zilizokwenda moja kwa moja mikononi mwa wenyeji zilibaki asilimia chache tu. Kwa hiyo mtu akituambia kwamba lokalizesheni ni mapendeleo anayotufanyia, tukumbuke kwamba ni ahadi ya zamani ambayo bado inadaiwa.

Katika waliosukuma jambo hilo kabla ya Istanbul yumo mama mmoja, Degan Ali, ambaye wakati huo alikuwa mkuu wa shirika la Adeso. Shirika hilo lilianzishwa na mama yake mzazi, Fatima Jibrell wa Somalia, mwanzoni mwa miaka ya 1990, nchi yao ilipokuwa imevunjika kwa vita. Wakati ule liliitwa Horn Relief.

Mwaka 2003, ukame ulipoua mifugo kaskazini mwa Somalia, Horn Relief waliangalia masoko wakaona kwamba chakula kilikuwamo madukani. Kilichokosekana ni fedha mikononi mwa watu. Badala ya kuleta magunia kutoka mbali, waligawa fedha taslimu, na wakazipitisha kwa wafanyabiashara wa hawala ambao Wasomali waliwatumia siku zote kupelekeana fedha. Wakati huo wafadhili wengi waliogopa kutoa fedha mkononi. Siku hizi karibu kila shirika kubwa linafanya hivyo, na hapa Kivu ya Kusini wengine wetu tumepokea msaada wa namna hiyo. Horn Relief walianza kwa kuangalia mahali walipo.

Siku robine inapokauka

Sasa turudi kwetu. Hakuna mama wa Uvira asiyejua hesabu hii: umeme ukikatika, pampu inasimama, pampu ikisimama, robine inakauka, robine ikikauka, tunashika bidoni tukashuka ziwani au mtoni. Siku chache baadaye, jirani anabebwa kupelekwa hospitali kwa kuhara na kutapika. Hatukuhitaji kitabu ili kulijua hilo.

Watafiti wa chuo cha London kinachoshughulikia afya na magonjwa ya nchi za joto walikuja wakalipima. Walichukua daftari za REGIDESO zinazoonyesha maji yaliyotolewa kila siku, wakaziweka kando ya daftari za kituo cha kutibu kolera hapa Uvira, tangu 2009 mpaka 2014. Mwaka 2015 walitangaza walichokiona. Baada ya siku moja bila maji ya robine, wagonjwa waliodhaniwa kuwa na kolera katika siku 12 zilizofuata walizidi mara mbili, kuliko baada ya siku ambayo maji yalitoka vizuri.

Tazameni mambo mawili katika habari hiyo. La kwanza, utafiti ulikuwa mzuri kwa sababu ulianzia kwenye daftari za hapa, zilizoandikwa na wafanyakazi wa hapa siku kwa siku. La pili, jibu lake lilibadilisha mazungumzo. Kwa miaka mingi mama wa Uvira ameambiwa kwamba kolera ni uchafu wake: nawa mikono, chemsha maji, funika chakula. Hayo ni ya kweli na tuendelee kuyafanya. Lakini mama anayenawa mikono kwa maji ya ziwa kwa sababu robine imekauka siku tatu, shida yake haiponywi na bango. Inaponywa na bomba na umeme. Hiyo ndiyo faida ya kuanzia na hali ya mahali: lawama inaondoka kichwani mwa mama, na fedha zinapelekwa kwenye ugonjwa wenyewe.

Baada ya hapo kazi ya kurekebisha mabomba na kuongeza robine mjini imefanywa kwa msaada wa wafadhili kutoka Ufaransa na Ulaya. Mama anayeona robine mpya kwenye avenyu yake ajue kwamba ile hesabu yake ya zamani ilikuwa na uzito.

Tuliyofundishwa na mafuriko

Usiku wa tarehe 16 kuamkia tarehe 17 Aprili 2020, mvua kubwa ilinyesha milimani na mto Mulongwe ukatoka njiani. Makumi ya watu walikufa, maelfu ya nyumba zilibomoka, na mtambo wa maji wa mji uliharibika. Wengi wetu tulilala shuleni, makanisani, au kwa jamaa.

Wa kwanza kufika hawakuja na magari. Ni majirani waliovusha watoto kwa kamba, ni wamama waliotoa sufuria na vitenge, ni vikundi vya AVEC vilivyofungua sanduku la mshikamano usiku uleule. Wageni walikuja baadaye, na tunawashukuru. Maturubai yao, dawa zao na maji yao viliokoa watu.

Lakini katika miaka hii ya maji, kuna mambo tuliyoona ambayo yangeweza kuwa mazuri zaidi kama swali lingetangulia. Tunayataja bila kumtaja mtu, kwa ajili ya kujifunza.

Maharagwe makavu ni chakula kizuri. Lakini yanakula makala kwa saa nyingi, na familia iliyolala chini ya turubai haina makala wala sufuria yenye kifuniko. Ndagala wa ziwani wanaiva haraka, sombe na lengalenga ziko sokoni, na fedha za kuvinunua zinamwinua pia mama anayeuza.

Choo cha kuchimba kinafaa pale juu, penye udongo mkavu. Karibu na ziwa, unachimba kidogo tu na maji yanaingia shimoni. Ziwa likipanda, uchafu unatoka na kusambaa katika lupango zima. Mtu wa Kavimvira au Kalundu angelisema hilo kwa dakika moja.

Halafu kuna lugha. Bango la Kifaransa linasomwa na mwalimu. Bibi kizee wa kijijini anaelewa Kifuliiru, Kivira au Kibembe, na mama aliyekimbia Burundi anaelewa Kirundi. Ndugu zetu wa Kivu ya Kaskazini na Ituri walijifunza hilo kwa uchungu mkubwa wakati wa Ebola ya 2018 mpaka 2020, ambayo iliua watu zaidi ya 2,200. Mwanzoni watu walizikimbia timu za mazishi, maana walifika kwa haraka, na mavazi ya kutisha, wakasema kwa lugha ya ofisi. Mambo yalikwenda vizuri zaidi pale vijana wa mtaa, viongozi wa dini na wamama waliposhirikishwa, na jamaa wakapata nafasi ya kumwaga marehemu wao kwa heshima.

Mwenyeji ni nani?

Hapa neno linakuwa gumu, na tunataka tuliseme wazi.

Kwa mtu wa Geneva, Kinshasa ni kwa wenyeji. Kwa mtu wa Kinshasa, wenyeji ni watu wa Bukavu. Kwa mtu wa Bukavu, ni ofisi yenye muhuri hapa Uvira. Na ofisi ya Uvira inaweza kuwa na wanaume watano waliovaa vizuri, ambao hawajawahi kubeba bidoni kichwani. Lokalizesheni ikisimama hapo, mjane wa Kasenga hajafikiwa, wala mama wa Makobola, wala msichana wa Swima.

Na si kila jambo la wenyeji ni jema. Mwenyeji naye anaweza kula fedha. Chefu wa mtaa anaweza kuandika majina ya jamaa zake kwenye orodha. Mila ya mahali inaweza kumnyamazisha mwanamke mbele ya baba mkwe wake, kisha ikaandikwa kwamba "jamii imekubali". Kuanzia na mahali hakuna maana ya kufunga macho. Fedha zikija kwa wenyeji, daftari pia lifunguliwe mbele ya wenyeji, kama tunavyohesabu akiba ya AVEC mbele ya wote, kwa sauti, na sanduku lenye kufuli tatu na wenye funguo watatu.

Kuna na hatari nyingine. Shirika la mbali linaweza kumwita mwenyeji "mshirika", likampa kazi ya kwenda mahali penye risasi, na fedha zikabaki ofisini. Tunajua barabara zetu. Vita ikikaribia, magari meupe ndiyo ya kwanza kuondoka, na anayebaki na orodha ya wagonjwa ni reko wa mtaa, ambaye mara nyingi hana mshahara wala bima. Kumpa mtu hatari bila kumpa njia ya kuibeba ni kumtwika tu mzigo.

Na sisi wenyewe tujiulize. Katika vikundi vyetu, nani anasema na nani ananyamaza? Tangu 2015 Warundi waliokimbia wamekaa Lusenda, na baadaye wengine wakawekwa Mulongwe ya Fizi. Wamama wao wanateka maji katika ziwa lileile letu. Mama mwenye ulemavu ameketi wapi tunapopanga kazi ya salongo? Mwenyeji aliyeko karibu zaidi na shida ndiye anayepaswa kuulizwa kwanza, hata kama ana sauti ndogo.

Maswali matano ya kubeba mkutanoni

Neno hili lina faida ikiwa tunalitumia. Mradi mpya ukija kwenye avenyu yenu, msiukatae, na msipige makofi kabla ya kuuliza. Mgeni wa kweli hataudhika. Tena wapo wanaofurahi, kwa sababu nao wanawekewa mipango na wakubwa wao, na swali lenu linawapa nguvu ya kurudi kuwaambia.

1. Kabla ya kuandika mpango huu mliongea na nani hapa mtaani, na kati yao wanawake walikuwa wangapi?

2. Tukisema mahali hapa hapafai, au kitu hiki hakifai, mpango unaweza kubadilika? Nani ana ruhusa ya kuubadilisha?

3. Katika fedha zote za mradi, kiasi gani kinafika Uvira, na kiasi gani kinashikwa na vikundi vya hapa?

4. Robine ikivunjika mwakani, nani ataitengeneza, kwa chombo kinachopatikana duka gani?

5. Mkiondoka, tunabaki na nini: ujuzi, daftari, fundi aliyefunzwa, au bango lenye alama yenu tu?

Swali la nne limetusaidia sana. Katika mtaa mmoja, watu wa mradi walikuwa wamechagua kwenye karta mahali pa kujenga robine. Wamama waliwaomba watembee nao kwa miguu saa kumi na mbili jioni, saa ambayo wasichana huenda kuteka. Njia ilipita kando ya korongo, penye giza, na mvua ikinyesha haipitiki. Walipoifika wenyewe hawakubishana. Robine ilisogezwa karibu na nyumba zenye watu, na wamama wawili wakafunzwa kubadilisha mpira wa ndani, ambao unauzwa hapa sokoni. Swali, uamuzi, na ujuzi vilikutana. Fedha bado zilishikwa na shirika, kwa hiyo hatusemi kwamba kazi ilitimia. Lakini wasichana wale sasa wanateka maji mbele ya milango ya watu.

Tunayowaomba

Wazee wanasema pia: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hatuwafukuzi wageni. Ziwa letu lina pande nne, Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia, na tangu zamani tumeishi kwa kupokeana. Tunachotaka ni kwamba mgeni akija, mwenyeji apone kweli, na asibaki mlangoni mwa nyumba yake mwenyewe.

Kwa kikao chenu kijacho tunaomba kazi moja ndogo. Kila kikundi kiandike mambo matatu ambayo mtu asiyekaa kwenye mtaa wenu hawezi kuyajua: mahali maji yanapopita mvua ikinyesha sana, saa ambayo robine huwa inakauka, nyumba ya mgonjwa au mzee asiyeweza kukimbia usiku. Asiyejua kuandika aseme, na mwenye kalamu aandike maneno yake kama alivyoyasema. Majina ya watu yabaki katika kikundi, yasitembee.

Leteni karatasi hizo kwa wajumbe wa mtaa. Tutaziweka katika daftari moja la chama, liwe tayari kabla ya mvua za Aprili. Siku mgeni atakapokuja tena na neno lake, tutamkaribisha, tutampa kiti na maji ya kunywa, kisha tutalifungua daftari mezani na kumwambia: karibu, tuanzie hapa.